Masharubu ya Nyota

Konso mwanangu,

Salamu naziruka, maana asubuhi umenipa shikamoo nami nikaitika marahaba, na kwa miaka mitano sasa hayo ndiyo karibu mazungumzo yetu yote. Nakuandikia nikiwa ofisi ya walimu, saa kumi jioni. Wanafunzi wako bustanini, na mwenzangu wa zamu amelalia madaftari ya watu. Basi lako ni kesho alfajiri. Habari za sweta, vidonge vya malaria na kutopokea soda ya mtu usiyemjua, mama yako ameshakwambia, na kama ninavyomjua atakwambia tena stendi mbele za watu. Mimi sina maelekezo. Nina jambo moja limenikwama kooni, na nikilinyamazia mpaka basi liondoke, utakwenda kusomea fizikia huko Dar es Salaam ukijua kwamba baba yako ni mtu wa kunyamazia mambo ya namna hiyo.

Ni habari ya ile insha.

Najua hapo umekunja uso. Ukitaka, chana barua hii na utupe vipande dirishani ukivuka Songea, sitakulaumu. Lakini nitaandika yote kwanza, pamoja na yale unayoyajua, kwa sababu hujawahi kuyasikia kinywani mwangu.

Ulikuwa kidato cha pili. Yule bruda mzee wa misheni alikuwa anakuazima magazeti yake ya sayansi ya Kiingereza, na siku hiyo ulirudi na moja lisilo na jalada, umelikumbatia kama mtu aliyeokota sungura. Mama yako alikuwa anachambua dagaa jikoni, mimi nimekaa mlangoni nachonga kalamu. Ukaanza kutueleza bila hata kukaa. Ukasema ziko nyota zinazokwenda kasi mno kuliko majirani zao, kama zimefukuzwa. Moja iko katika kundi la Mshika Nyoka, tunaiona kwa macho kila mwaka na hatujui kwamba iko mbioni. Inadhaniwa ilikuwa na mwenzake, mwenzake akalipuka, nayo ikarushwa. Ukasema nyota hiyo inatoa upepo wake, na kwa kuwa inakimbia, upepo huo unagongana na gesi na vumbi lililotanda angani, vumbi linarundikana mbele yake, nyota inalipasha moto, linawaka. Ila halionekani. Linawaka kwa infraredi.

Mama yako akauliza infraredi ni nini. Hukumpa maneno ya kitabuni. Ulimshika mkono ukamsogeza karibu na jiwe la figa lililokuwa limetolewa motoni tangu mchana, ukamwambia aweke shavu. Ukamwambia, jicho linasema hakuna kitu hapo, shavu linasema kipo. Akacheka, akasema kumbe shavu lake ni la kisayansi. Mimi mwalimu wa fizikia kwa miaka kumi na minane nilikuwa sijawahi kumweleza mtoto yeyote jambo hilo akaelewa, na badala ya kufurahi nilihisi kitu kama kichomi. Nakwambia hivyo hivyo kilivyokuwa. Nilimwonea wivu mwanangu mwenyewe jikoni kwangu.

Sasa kumbuka mwaka huo ulikuwa mwaka gani. Soko lilikuwa limefunguliwa, na kampuni za kununua kahawa zimeshuka Mbinga kwa fujo, kila moja na fulana zake na kofia zake. Ghala la ushirika, ambalo babu yako mzaa baba alibeba mawe ya msingi wake, likageuzwa ukumbi wa video, watoto wanaingia kutazama watu wakipigana mateke. Sisi walimu tukaona kila mtu anachuma, nasi tukaanza kufundisha nusu ya somo asubuhi na kuuza nusu ya pili jioni kwa jina la tuisheni. Nusu ya kwanza nilikuwa naikatia palepale pa muhimu, kwa makusudi, kama mtu anayefunga duka. Mwenzako aliyekaa nawe dawati moja, yule wa Tingi ambaye hakuwa na cha kulipia, alifeli somo langu huku ananiheshimu.

Kampuni moja ikatangaza shindano la insha kwa sekondari za mkoa. Kuwaeleza wakulima jambo moja la sayansi kwa Kiswahili chepesi. Chepesi, Konso, walisema wenyewe. Ukaandika kurasa nne kwa mkono wako, ukaniletea nizipige taipu shuleni. Sitasahau ulivyoziweka mezani, umezinyoosha kingo kwanza.

Sehemu ile ya katikati naijua kwa moyo. Uliandika: "Mtumbwi ukienda pole, maji yanapisha. Ukienda kasi, maji hayawahi kupisha. Yanajazana mbele ya pua na kuchomoza pande mbili. Babu yangu wa Mbaha husema mtumbwi umeota masharubu. Nyota nayo ikikimbia inaota masharubu, ila ni masharubu ya joto, na anayeyaona ni yule mwenye chombo cha kuona joto."

Nikasoma masharubu, nikachukua kalamu nyekundu.

Ngoja nikueleze nilichokuwa nakitaka. Mwakilishi wa kampuni ile alikuwa ameshaniambia wanatafuta wakala wa kukusanya kahawa upande wa Litumbandyosi, mtu msomi anayeheshimika, na wakala atapewa pikipiki. Insha ya binti wa Mwalimu ingesomwa mbele yake. Nikajiona nimeaibika tayari. Masharubu, tena ya Wanyasa, mbele ya mkurugenzi? Unakumbuka nilivyomkataza mama yako kuwasemesha Kinyasa cha kwao ziwani nyumbani, nikidai kinawaharibia Kiingereza. Na siku hiyohiyo nakaa sebuleni na mama yangu, bibi yenu, tunapiga soga kwa Kimatengo chetu hadi vyombo vinaoshwa. Mama yako alitii. Akaacha hata kuimba akisonga ugali, maana nyimbo alizokuwa nazo zote zilikuwa za ziwani. Nilidhani ni adabu.

Basi nikafungua kamusi. Lile jina la Kiingereza la jambo hilo, bow shock, lina maneno mawili, la pili ni mshtuko, na la kwanza likiandikwa ni moja lakini maana ni mbili. Ni upinde wa kutupia mishale, na pia ni pua ya chombo cha majini. Kamusi ilizitaja zote mbili, moja chini ya nyingine. Mimi nimezaliwa milimani, nimekulia katika mashimo ya ngoro tunayolimia, babu zangu walijua pinde, na chombo cha majini nilikuwa naking'ong'a. Nikatazama na picha gazetini, nikaona mbele ya nyota pamejikunja kama upinde uliovutwa. Nikasema ndiyo hiyo hiyo. Nikafuta masharubu, nikafuta mtumbwi, nikamfuta na babu yako mzaa mama. Nikaandika "mshtuko wa upinde." Nikaongeza aya nzima ya kwangu, kwamba nyota hurusha vumbi mbele yake mfano wa mshale unaotoka katika upinde wa mwindaji. Juu ya mwandiko wako nikaandika: Lugha ya ovyo. Nikapiga taipu, nikakupa nakala asubuhi ya shindano ukiwa tayari unapanda lori, ili usipate muda wa kubisha.

Ulianza kusoma vizuri ukumbini. Ulipofika kwenye upinde ukasimama. Ukanitazama. Nilikuwa safu ya mbele, nimevaa fulana ya kampuni juu ya shati na tai. Nikakuashiria kwa kidevu uendelee, ukaendelea, unasoma maneno ambayo hujawahi kuyaona kana kwamba ni yako.

Yule jaji kijana, aliyetoka chuo kikuu juzi tu, alikuwa na nakala yake ya lile gazeti mezani. Akakuuliza, "Binti, huo upinde uko wapi? Hapa wanazungumzia pua ya meli. Nani kakufundisha kwamba nyota zinapiga mishale?" Kisha akawageukia wenzake akasema shule zilizo karibu na ziwa walau zingejua boti ni nini.

Ukumbi ukacheka. Mwakilishi wa kampuni akacheka, akanigeukia. Nami nikacheka.

Nilicheka mpaka mabega yakatikisika. Sikucheka kwa kushtukizwa, nilicheka kwa hesabu, kwamba nikicheka naye hatadhani kosa ni langu. Nawe ukasimama pale mbele, miaka kumi na mitano, mikono umeishusha, ukasema, "Nimekosea mwenyewe, mwalimu." Ukashukuru, ukaketi. Tukiwa njiani kurudi mkuu wa shule akanipa pole, akasema watoto wa siku hizi hawawashirikishi wazazi. Nikamjibu, ndivyo walivyo.

Sijui kama kuna kitu kinachonuka kama jibu hilo. Nimewahi kufukua panya aliyefia ukutani, na alikuwa nafuu.

Siku ya tatu mama yako alikuwa ananipakulia. Nani alimwambia sijui, pengine wauza samaki, wao hakuna kinachowapita. Akashika mwiko hewani akaniuliza, "Na wewe ulicheka?" Nikamwambia, "Ulitaka nilie?" Akaweka ugali sahanini, akatoka nje. Hakuniuliza tena, na tangu siku hiyo mimi na yeye tumekuwa watu wa kuulizana chumvi iko wapi.

Wewe uliacha tu. Uliacha kuniletea ulichoandika, uliacha kunionyesha anga, ukawa unakwenda kwa bruda na kurudi kimya, umebana gazeti kwapani upande usio wangu. Ulipofaulu kidato cha sita nilipata habari kwa mwenye duka la madaftari pale sokoni. Alinipongeza nikajifanya najua.

Pikipiki niliipata. Ulidhani nilinyimwa? Niliipata, nyekundu, nikashuka nayo Litumbandyosi msimu mmoja. Mizani niliyopewa ilikuwa imefundishwa uongo kabla haijanifikia, na niligundua siku ya kwanza kwa kupima begi langu la vitabu ambalo uzito wake naujua. Nikaendelea kupima. Wazee wakiniona na kahawa yao mgongoni wananiamkia kwa jina la Mwalimu, nami naitikia, jicho kwenye mshale wa mizani. Mwisho wa msimu kampuni ikahama na fulana zake, na wakulima walipokuja kunidai maelezo nilikuwa darasani nafundisha uhusiano wa nguvu na uzito. Ningeweza kukuambia ni njaa, ni zama, kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Yote ni kweli, na yote yananichefua, kwa sababu walikuwepo watu wenye njaa kunizidi ambao hawakufanya hivyo. Mmoja alikuwa nyumbani kwangu, ana miaka kumi na mitano.

Bruda alipokufa mwaka jana, misheni waliniachia magazeti yake kwa ajili ya maktaba ya shule. Nikalikuta lile lisilo na jalada. Nikalisoma lote, peke yangu, kwa mara ya kwanza, maana wakati ule nilisoma kichwa cha habari na picha tu. Ndiyo, hata kulisoma sikulisoma. Mle wanaeleza jinsi walivyoona hayo masharubu. Walirusha chombo angani, juu ya hewa yetu yote, na darubini yake waliipoza kwa baridi ambayo hata Juni ya Mbinga haiijui. Sababu ni kwamba kila chenye joto kinatoa infraredi, na darubini yenye joto inaangazwa na joto lake yenyewe, haioni lililoko mbele. Nilisoma hapo mara mbili, nikalifunga gazeti. Nilijua nasemwa mimi.

Mwezi uliopita niliwaaga kwamba nakwenda semina Songea. Haikuwepo semina. Nilipanda lori la mahindi mpaka linapoishia, nikamalizia kwa miguu, nikafika Mbaha kwa babu yako. Miaka ishirini na mitatu nimemwoa binti yake na sikuwahi kukanyaga mtumbwi wake. Nilikuwa nakwenda kwa viatu vya kamba, nakunywa chai ukingoni na kurudi mlimani. Nikamsalimu, shikamoo baba, akaitika, akanitazama miguuni. Nikamwambia naomba unipeleke majini. Hakuuliza kwa nini. Aliniambia nivue viatu.

Nilitapika hata kabla hatujapita majabali. Alinisubiri nimalize, akanipa kata ya maji nisukutue, akamwita mjomba wako wapige kasia wote wawili kwa nguvu. Kisha akaniambia, "Acha kutazama tumbo lako, tazama mbele." Nikatazama. Maji yaliinuka mbele ya pua, meupe, yakagawanyika kushoto na kulia, na ajabu ni kwamba yalitangulia. Mahali ambapo mtumbwi ulikuwa haujafika, maji yalikuwa tayari yameshajua kwamba unakuja. Nikakaa pale na shati lenye matapishi, mtu mzima, mwalimu, naona kitu ambacho mwanangu alikiona akiwa mtoto akaniletea mezani kimenyooshwa kingo.

"Yanaitwaje hayo?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Masharubu," akasema. "Konso hakukwambia?"

Nawe jibu unalijua.

Juzi Jumanne nilikuwa na kidato cha tatu. Nikafuta ubao, nikaandika juu kabisa: Masharubu ya nyota. Nikafundisha kama ulivyoandika, kwa mtumbwi na figa, na sikukatia katikati. Mmoja akauliza jina hilo limetoka kitabu gani. Nikawaambia limetoka kwa Konsolata, mwanangu, na babu yake wa Mbaha, na kwamba mimi ndiye niliyelifuta nikaweka upinde, na alipochekwa nami nilicheka nikiwa nimekaa mbele kabisa. Nikawasimulia mpaka mwisho. Mmoja wa nyuma akashindwa kujizuia, darasa zima likaangua kicheko, nyota zinapiga mishale, mwalimu. Nikasimama pale na chaki mkononi mpaka wakamaliza. Ni mara ya kwanza nimesimama mahali uliposimama wewe. Ni pabaya, Konso. Nami nilikuwa na miaka hamsini na mbili na nilistahili.

Sikuandikii haya ili unisamehe kabla ya basi kuondoka. Ukinisamehe stendi, kwa haraka, kwa sababu watu wanatazama na mama yako analia, nitajua umenivumilia tu, na umeshanivumilia vya kutosha. Wala sikuombi uniandikie. Nataka tu uende ukijua kwamba yule jaji aliuliza swali halali, nani kakufundisha, na jibu ni mimi. Limechelewa miaka mitano. Nimemwandikia na yeye pia, kwa anwani ya idara yake, na nakala nimempa mkuu wa shule mkononi. Alisoma akaniuliza kama naumwa.

Mama yako nimemsomea barua hii mchana, yote, jikoni, kabla sijarudi huku kuiandika upya kwa mwandiko unaosomeka. Aliendelea kukukaangia mbasa, samaki wako wa safari. Ila nilipofika getini nilimsikia anaimba, wimbo wa ziwani, na baadhi ya maneno sikuyaelewa, nikasimama pale kama mgeni mpaka ukaisha.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nne. Ni zile zako. Ulidhani nilizitupa, lakini zimekuwa kwenye droo hii ninayoiegemea, chini ya mitihani. Kalamu yangu nyekundu bado iko juu yake kila mahali, pamoja na lile neno la ovyo. Sikuifuta, uone mwenyewe nilivyofanya. Leo mchana nimezisoma tena toka mwanzo, polepole, na kwa mazoea ya kazi nimetafuta makosa.

Sikuona hata moja.

Baba yako.